Kishika karata cha mbao: namna ya kukitengeneza kwa zana za mkono

Maswali ni yaleyale kila mara. Nitumie mbao gani? Mfuo uwe na upana gani? Mbona karata zangu zinalala kifudifudi? Mbona zinakwama? Nimeyajibu sana kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, na safari hii nimeona bora niyaandike yote kwa mpangilio ili ukisimama mbele ya meza ya useremala uwe nayo mkononi.

Kwa asiyekijua: kishika karata ni kipande cha ubao chenye mfuo mmoja mwembamba juu yake, kutoka ncha hadi ncha. Karata unazichomeka humo, zinasimama zenyewe, nyuso zimekuelekea wewe na migongo imewaelekea wenzako. Basi. Ni kitu kidogo, ila kwa anayekihitaji si kidogo hata chembe.

Mimi nilianza kwa sababu ya baba yangu mkubwa. Kiharusi kilimlaza mkono wa kushoto, naye alikuwa hakosi barazani jioni, wahedi wa sitini ndio mchezo wake. Akawa anazipanga karata juu ya paja na kuzifunika kwa kiganja. Upepo ukizigeuza, jirani ameshaona. Mwisho akaacha kutoka. Nilimpelekea kipande cha mfenesi chenye mfuo mmoja, hata msasa sijakipiga vizuri. Alikitazama, akachomeka karata moja, akaichomoa, akaichomeka tena. Jioni ile tukamsikia barazani: ree ya shupaza kaivuta kwa kidole gumba na cha shahada, kaipiga mkekani kwa kishindo kama zamani.

Kinawafaa pia wenye baridi yabisi ya vidole, wanaotetemeka mikono, na watoto ambao kiganja chao hakijatosha kushika karata kumi kwa pamoja.

Pima kabla ya kushika msumeno

Wengi wanakimbilia mbao. Anza na mchezaji. Kuna mambo matatu ya kuyajua.

La kwanza ni karata zenyewe. Madukani kuna saizi mbili kuu: pana, yenye upana wa milimita 63, na nyembamba, yenye milimita 57. Urefu wake unakaribiana, milimita 88 au 89. Chukua pakiti ile ile atakayochezea, uipime.

La pili ni idadi ya karata mkononi. Anayecheza briji hushika 13. Wale wa kadi ya Nairobi, ambako mbili inakuokotesha mbili na tatu inakuokotesha tatu, wanaweza kujikuta na 15 kabla hawajajua. Hesabu ya urefu wa mfuo ni hii: idadi ya karata ukitoa moja, zidisha kwa nafasi unayotaka ionekane ya kila karata, kisha jumlisha upana wa karata moja. Karata 10 kwa nafasi ya milimita 20 ni 9 mara 20, jumlisha 63, yaani milimita 243. Karata 15 kwa nafasi ya milimita 15 ni milimita 273. Ndiyo maana napendekeza sentimita 30: unatosha karibu mikono yote. Kwa mzee ambaye macho yamechoka usishuke chini ya milimita 20 kwa karata.

La tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi: anakaa wapi? Anayecheza kwenye meza anazitazama karata karibu usawa wa macho. Anayecheza chini, mkekani, anazitazama kutoka juu, kwa hiyo lazima zilale nyuma zaidi. Kishika karata kizuri cha mezani kinaweza kuwa kibaya mkekani.

Mahitaji

- Ubao mkavu wa sentimita 30 kwa 7, unene sentimita 3
- Kipande cha pili cha ubao, urefu sentimita 34, kimo sentimita 4, upana sentimita 4, cha kuongozea msumeno
- Msumeno mfupi wenye mgongo wa chuma (chini ya mgongo bapa liwe na angalau sentimita 6)
- Bledi tatu za msumeno wa chuma na selotepu ngumu
- Randa, skwea, rula ya chuma, penseli ngumu iliyochongwa vizuri
- Jiriwa mbili za mkono
- Msasa namba 80, 120 na 240
- Mafuta ya kitani, ambayo mafundi wengi huyaita linsidi, na nta ya nyuki
- Kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi ya mpira
- Barakoa ya vumbi
- Pakiti ya karata, ikae mezani tangu mwanzo

Kuhusu mbao

Usinunue ubao mzima. Nenda kwa mafundi wa vitanda au wa milango, uombe mabaki. Kipande cha sentimita 30 kwao ni cha kuni.

Mninga ndio ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii: unakatika vizuri, hautulii leo ukapinda kesho, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Msaji nao ni mzuri. Mfenesi ni laini kwa anayejifunza. Ukiwa mpya ni wa manjano, kadiri siku zinavyokwenda unageuka kahawia. Mvule unafaa, ila vumbi lake linawasha pua na kubana kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa si hiari. Hata mninga unawasumbua wengine.

Mpingo uache kwanza. Ni mti wa heshima, wachongaji wa Kimakonde wanaujua, na zumari za Ulaya zinatengenezwa kwa mti huo, lakini ni mgumu kama chuma na utakuchosha msumeno kabla hujafika nusu ya mfuo. Msindano ni rahisi, ila ni laini mno na kingo za mfuo zinalika haraka.

La muhimu kuliko jina la mti ni ukavu. Ubao mbichi ukiukata leo, mfuo unajibana au kujipinda wenyewe ndani ya wiki chache. Mimi nakiacha kipande ndani ya nyumba mwezi mzima kabla ya kukigusa. Si juani, jua linapasua.

Hatua kwa hatua

1. Nyoosha ubao. Piga randa uso wa juu na ukingo mmoja mrefu mpaka skwea ikae bila mwanga kupita. Ukingo huo ndio utakuwa upande wa mchezaji. Geuza ubao, andika chini yake kwa penseli: MBELE. Usicheke, nimeona watu wakikata mfuo umeinamia upande usio wake kwa kukosa neno hilo moja.

2. Chora mstari. Pima sentimita 2.5 kutoka ukingo wa mbele, uchore mstari mmoja mwembamba kutoka ncha hadi ncha. Upande wa nyuma utabaki na sentimita 4.5, nao ndio unaobeba uzito ili kifaa kisipinduke.

3. Tengeneza ubao wa kuongozea. Hii ndiyo siri ya kazi nzima. Chukua kile kipande cha pili, upande mmoja uupige randa uwe mteremko: chini pana, juu pembamba. Kwa mchezaji wa mezani, kwenye kimo cha sentimita 4 sehemu ya juu iwe imerudi nyuma sentimita 1. Kwa mchezaji wa mkekani irudi sentimita 1.3. Hakikisha mteremko ni sawasawa urefu wote, maana kosa lolote lililoko hapa litahamia kwenye mfuo.

4. Ufunge. Uweke ubao wa kuongozea nyuma ya mstari, mteremko ukiutazama mstari, ukingo wake wa chini uguse mstari wenyewe. Bana kwa jiriwa mbili pamoja na meza. Midomo ya jiriwa isipite ukingo wa mteremko, la sivyo mgongo wa msumeno utagonga.

5. Weka alama ya kina. Bandika selotepu kwenye bapa la msumeno, sambamba na meno, milimita 12 kutoka ncha za meno. Selotepu ikigusa ubao, umefika.

6. Kata. Laza bapa la msumeno kwenye mteremko, liegemee kama mtu aliyeegemea kiti. Mkono mmoja unasukuma, vidole vya mkono wa pili vinalibana bapa kwenye mteremko kwa wepesi, mbali na meno. Anza ncha ya mbali kwa mapigo mafupi, rudi kidogo kidogo mpaka mkato umeenea urefu wote, ndipo uanze kushuka. Puliza unga mara kwa mara. Usikandamize. Mkato ukianza kunguruma au msumeno ukiwa wa moto, umejaa unga au umetoka kwenye mteremko, simama utazame.

7. Panua mfuo. Msumeno wa mgongo unaacha mkato wa kama milimita moja, nao hautoshi. Hesabu yake ni rahisi: karata moja ina unene wa karibu milimita 0.3. Ukizipanga kwa nafasi ya milimita 15, mahali popote zinakutana karata tano, yaani milimita 1.5. Unahitaji upana wa milimita 2, nafasi kidogo ya kupumua. Shika bledi tatu za msumeno wa chuma, meno yote yaelekee upande mmoja, zifunge ncha zote mbili kwa selotepu ziwe kitu kimoja. Rudi kwenye mfuo ule ule, ubao wa kuongozea ukiwa bado umefungwa, uvute kwa utulivu hadi kina kile kile.

8. Jaribu sasa, kabla ya urembo. Chomeka karata moja: isimame imeegemea nyuma, isiyumbe mbele. Panga tano zikikaliana: ziingie bila kusukumwa. Kisha mpe mwenyewe. Akae anapokaa siku zote, achomeke mkono mzima kutoka kushoto kwenda kulia, kila karata mpya ikae mbele ya iliyotangulia ili pembe zenye namba zionekane. Acheze mzunguko mmoja. Mtazame vidole vyake, usitazame uso: mtu atakwambia ni kizuri kwa heshima tu, lakini kidole kinachohangaika kutafuta karata hakisemi uongo.

9. Lainisha. Kunja kipande cha msasa namba 120 juu ya rula nyembamba, upitishe ndani ya mfuo mara chache. Midomo ya mfuo ivunje ncha zake kidogo, hasa wa mbele, ili karata iteleze kuingia bila kukwaruzwa. Nje anza na 80, halafu 120, umalizie 240, siku zote kufuata nyuzi za mti. (Neno hili msasa lina asili yake: ni mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, ambayo mafundi walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani.)

10. Pembe na umbo. Zungusha pembe nne kwa tupa, upunguze ukingo wa juu wa nyuma. Ukitaka nakshi, ichonge upande wa nyuma, ule wanaouona wenzake. Juu, karibu na mfuo, paache patupu. Nakshi pale inashika uchafu na kuchanganya macho.

11. Mafuta na nta. Yeyusha sehemu moja ya nta kwenye sehemu nne za mafuta ya kitani. Bakuli likae ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe usiliweke juu ya moto wenyewe. Pakaza kwa kitambaa, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho yake. Mfuo ndani usiupake mafuta. Upitishe nta kavu tu kidogo, tena kwa ncha ya kadi ya zamani.

12. Chini. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, uvibandike kwenye ncha mbili za upande wa chini. Bila hivyo kitateleza mezani kila karata ikivutwa, na mwenye mkono mmoja hana mkono wa kukizuia.

Tahadhari ambazo sitaki uzipuuze

Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje juu ya jiwe mpaka kikauke kikawa kigumu, au kizamishe kwenye ndoo ya maji.

Ukienda kwa mwenye msumeno wa mashine akukatie mfuo, akate kwenye ubao mrefu kwanza, vipande vya sentimita 30 vitoke baadaye. Kipande kifupi kwenye mashine kinapeleka vidole pasipostahili. Mkato wake huwa wa kama milimita 3. Utafaa, karata zitalala nyuma kidogo zaidi.

Mafuta ya nazi hapana. Najua yapo kila jikoni na ubao unapendeza siku ya kwanza, lakini hayakauki. Wiki mbili baadaye kila karata ina alama ya kidole na kifaa kinanuka. Vanishi nayo, ukiipaka, isiingie kwenye mfuo: wakati wa masika hewa ikijaa unyevu, inanata na karata zinachubuka migongo.

Kosa jingine: mtu anataka karata nyingi zikae, anakata mfuo wa pili nyuma ya wa kwanza, kwa usawa ule ule. Safu ya mbele inaificha ya nyuma yote. Safu ya pili inataka ngazi iliyoinuka sentimita 3 au zaidi, na hiyo ni kazi ya kuunganisha vipande viwili.

Wengi pia wanakimbilia umbo la upinde, maana wameona picha. Ni kweli upinde unapendeza, na unawazuia majirani wa kushoto na kulia wasichungulie, jambo ambalo barazani lina maana yake. Lakini unahitaji msumeno wa kukata mizunguko na mfuo wake hauongozwi na ubao ulionyooka. Tengeneza viwili vitatu vilivyonyooka kwanza.

Kikisumbua

*Karata zinaanguka mbele.* Mfuo ni mpana mno au mteremko ni mdogo. Dawa ya haraka: bandika ukanda wa karatasi ngumu kwenye ukuta wa mbele wa mfuo, ndani. Dawa ya kudumu: piga randa upande wa chini wa ubao, ukipunguza kuelekea nyuma, kifaa chote kiinamie nyuma.

*Zinaingia ncha moja, ncha ya pili zinakwama.* Kina hakilingani. Chomeka rula ya chuma kila baada ya sentimita 3 uweke alama inapofika, kisha rudi na bledi zako pale palipo juu tu.

*Mfuo ulikuwa sawa, sasa umebana.* Ubao umevuta unyevu au haukuwa umekauka. Usikate leo. Kiache ndani ya nyumba wiki mbili tatu, upime tena. Kikibaki vilevile, pitisha msasa 120 kwenye rula.

*Kinayumba mezani.* Chini kumepinda. Bandika karatasi ya msasa namba 80 kwenye kioo au marumaru iliyonyooka, usugue upande wa chini juu yake mpaka kitulie.

*Upepo unazing'oa.* Hili ni la baraza za pwani wakati wa kusi. Ongeza kina hadi milimita 15 na umgeuze mchezaji ili upepo upige nyuso za karata, usitokee migongoni mwake. Sentensi hiyo inaonekana ndogo, lakini kubadilishana kiti na jirani kumemaliza tatizo mara nyingi kuliko msumeno.

*Mdomo wa mfuo umebanjuka kipande.* Kama unacho kipande chenyewe, gundi ya mbao na selotepu usiku mmoja. Kama kimepotea, punguza mdomo wote wa mbele kwa milimita mbili uwe sawa, hakuna atakayejua.

Na kisanduku chake

Ukishamaliza utabakiwa na vipande, na karata nazo zinataka nyumba, maana boksi la karatasi halimalizi mwezi mfukoni. Pakiti ya karata 54 ina unene wa karibu milimita 17. Kisanduku chako kiwe na nafasi ya ndani ya sentimita 9.5 kwa 6.8, kina sentimita 2, kuta za milimita 8, kitako cha plaiwudi ya milimita 3. Kwenye kuta mbili ndefu kata nusu mduara wenye upana wa sentimita 2.5, mmoja kila upande, kabla ya kuunganisha; bila hapo pa kupitisha kidole, mwenye vidole vigumu atalazimika kukipindua kisanduku kila mara, na karata zitamwagika zote. Kifuniko kiache kilegee kiasi cha unene wa karata mbili. Wakati wa mvua za masika utaona kimekaa sawasawa.